Mzee, mwavuli uko wapi?

Jana tena. Tumekaa zetu Mkunguni, hapa Amu (Lamu), na kahawa, kijana mmoja kaiangalia picha yangu kwenye simu, kaikuza, kaipunguza, halafu akaniuliza, "Sasa mzee, mwavuli uko wapi?" Wanajua nilikuwa para, yaani askari wa kuruka toka kwenye ndege kwa mwavuli. Imezidi hii, wacha niandike.

Picha yenyewe ni ya 2011 kule Somalia, zile mvua zilizotukamata sisi jeshi la Kenya baada ya kuvuka mpaka Oktoba. Tuko watano, matope hadi magotini, tunasukuma lori. Ndege hakuna, mwavuli hakuna. Na watu wakiona hivo wanaamua basi huyu hakuwa para, para si anashuka toka juu?

Mwavuli ni usafiri jamani! Ni kama boti ya Mokowe, inakufikisha Amu, ukishashuka gatini habari ya boti imekwisha, kazi iliyokuleta ndo inaanza. Para akigusa ardhi ni askari wa miguu kama wengine, tena hana lori, hana mizinga mikubwa, ana alichobeba tu.

Na ile ya kudhani para anavuta kamba ili mwavuli ufunguke pia muiwache. Kamba inanaswa kwenye waya ndani ya ndege, ukitoka mlangoni yenyewe inaufungua mwavuli, wa kuvuta kwa mkono ni ule wa akiba kifuani. Unatoka futi kama 1,000, unahesabu hadi nne, unaangalia juu, dakika haijaisha uko chini umebana miguu unabiringika. Basi.

Turudi kwa kinachoniudhi. Kuruka vitani ni hatari kubwa, upepo unawatawanya, adui anawaona mnaning'inia. Crete, Mei 1941, Wajerumani walikiteka kisiwa kwa miavuli lakini walikufa wengi mpaka Hitler mwenyewe akakataa mashambulizi makubwa ya namna ile tena. Arnhem kule Uholanzi, Septemba 1944, Waingereza na wenzao karibu 10,000 walishushwa kule, wenzao waliokuja kwa nchi kavu wakachelewa kuwafikia, waliovushwa mto kurudi ni kama 2,400 tu. Sasa sisi na Somalia tumepakana, barabara ya Liboi pale mpakani hiyo hapo, kamanda gani mwenye akili atakurusha toka kwenye ndege wakati kuna njia ya lori?

Ndo hapo huwa najiuliza kama ile miruko yote ilikuwa na haja, na magoti yangu yananiuliza pia kila kusi ikivuma. Tulifundishwa kwamba kuruka kunatoa woga. Wangu haukutoka, mruko wa pili ulinitisha kuliko wa kwanza maana sasa nilikuwa najua kinachonisubiri. Lakini siku ya yale matope hakuna aliyeamrishwa kushuka garini. Huyo wa kulia kwenye picha, bega lake limegusa langu, ndo yule aliyesimama nyuma yangu mlangoni siku ya mruko wa kwanza, akaikagua kamba yangu mara mbili. Hakurudi Kenya hai.

Picha nimeitoa ukutani, nyumba zetu hizi za mawe zina chumvi, ilishaanza kula pembe ya upande wake. Sasa iko kabatini ndani ya kitambaa kikavu. Uso wake bado unaonekana vizuri.