Pete ya Mwanga Haikuambii l: Dhana Potofu Kuhusu Mwali Uliosokoteka

Kila ninapowaonyesha walimu wa fizikia hapa Malindi mwali wa leza uliosokoteka, yaani mwali ambao awamu yake (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) huuzunguka mhimili mara l, na ambao kila fotoni yake, yaani chembe ya mwanga, hubeba momentamu ya mzunguko iitwayo ya obiti, yenye kiasi cha lħ (ħ ni kipimo cha Planck kilichogawanywa kwa 2π), hakosekani mmoja anayesogea ukutani na rula, akaipima pete angavu, kisha akatutangazia thamani ya l. Dhana hii imenichosha.

Ni kweli kwamba katika mwali safi wa Laguerre-Gauss, yaani umbo la kawaida la mwali uliosokoteka, wenye pete moja, nusukipenyo cha sehemu angavu zaidi ni w√(|l|/2). Wengi huikariri kanuni hiyo wakaisahau w, ambayo ni upana wa mwali na ambayo hubadilika kwa kila lenzi na kwa kila hatua ya umbali. Mwali wa l = 1 uliopanuliwa mara mbili hutoa pete yenye nusukipenyo kilekile cha mwali wa l = 4. Alama ya l, kwa upande wake, haionekani kabisa: pete ya +3 na ya −3 hazitofautiani, kama parafujo mbili za unene mmoja, ya kukaza kulia na ya kukaza kushoto, ambazo ukizitazama vichwani hutajua ipi ni ipi. Tena kuna mwali ambao polaraizesheni yake, yaani mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga, huelekea nje kutoka katikati pande zote. Huo nao una shimo jeusi, ilhali wastani wa momentamu yake ya obiti ni sifuri. Kamera hunasa ukali wa mwanga tu, na habari tunayoitafuta imo katika awamu.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba fedha za kifaa cha bei, chukueni lenzi ya kukusanya mwanga, muiinamishe, kisha msogeze karatasi taratibu karibu na fokasi. Pete itavunjika kuwa vipande vilivyotengwa na mistari myeusi. Idadi ya mistari hiyo ni |l|, na upande inakoinamia hutoa alama. Anayependa anaweza kutumia tundu la pembetatu, njia iliyochapishwa mwaka 2010 na watafiti wa Brazili: hesabu nukta angavu za upande mmoja, utoe moja. Mimi hupendelea lenzi, kwa kuwa kila maabara inayo. Njia zote mbili zinahitaji mwali wenye l moja. Mwali wenye mchanganyiko wa l unahitaji kuchambuliwa, yaani kila l itengwe na nyingine.

Hapo huzuka dhana ya pili, kwamba hologramu ya uma, yaani bamba la mistari inayogawanyika katikati kama uma na ambalo husokota au kusokotoa mwali, huchambua. Hologramu moja ikifuatwa na faiba ya modi moja, yaani uzi wa kioo unaopitisha umbo moja tu la mwali, lile lisilosokoteka, huuliza swali moja tu, kwa mfano "je, wewe ni l = 2?", na fotoni inayojibu hapana hupotea. Mwaka 2002 mtafiti Leach na wenzake walitumia intaferomita, kifaa kinachogawa mwali katika njia mbili kisha kuziunganisha, yenye prizimu za Dove, ambazo huzungusha taswira ya mwali; zilizungusha mwali wa njia moja kwa nyuzi 180 ukilinganishwa na wa njia ya pili, hata fotoni za l shufwa zikatokea mlango mmoja na za witiri mlango mwingine. Mwaka 2010 mtafiti Berkhout na wenzake walikunjua duara la awamu likawa mstari ulionyooka, kisha lenzi ikaipeleka kila l mahali pake. Thamani za l zilizo jirani huvujiana kidogo, lakini hakuna kukisia l mojamoja.

Wanaoichanganya momentamu hii na polaraizesheni ya duara wakumbuke kwamba hiyo ni spini, ambayo mwanafizikia Beth aliipima mwaka 1936, na ambayo kwa kila fotoni haizidi ħ. Bamba la robo-mawimbi, kifaa cha kupimia polaraizesheni hiyo, halitawaambia lolote kuhusu l.

Mwisho ni wenye hoteli wanaoniuliza kuhusu intaneti isiyo na kikomo, kwa kuwa kila l inaweza kubeba data yake na l haina kikomo. Katika hesabu haina. Katika kifaa inayo, kwa sababu kadiri |l| inavyokua ndivyo mwali unavyotanuka, na kipokezi chenye kipenyo maalumu hupokea modi chache tu, yaani thamani chache za l. Ufukweni kwetu, saa saba mchana, hewa inayofukuta juu ya mchanga hupindapinda awamu na kumwaga fotoni za l moja katika l jirani. Anayetaka kujaribu aanze alfajiri, kwa umbali mfupi, na modi zilizoachana, yaani ambazo l zao si jirani.