Tiketi ya jana: haidresheni na saa tatu kati ya seva na simu

Abiria mmoja alifungua tovuti ya kampuni ya mabasi saa saba na nusu usiku. Ukurasa ukamwandikia "Leo, Jumanne". Akabonyeza kitufe cha kukata tiketi, akalipa kwa simu, tiketi ikaja: ya Jumatatu. Basi la Jumatatu lilikuwa limeshafika Mbeya tangu jioni. Tovuti hiyo niliiandika mimi na wenzangu wawili, na kosa hilo lilinifundisha haidresheni kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma.

Tulitumia React 17, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, na ukurasa ulirendiwa, yaani uliundwa, kwanza kwenye seva. Ombi likifika, seva inaendesha komponenti zetu (vipande vya msimbo vinavyounda ukurasa) na kutoa HTML, yaani maandishi ya ukurasa wenyewe, kamili yenye safari, nauli na saa za kuondoka. Abiria anaanza kusoma hata kabla JavaScript haijamaliza kushuka. Kwa mwenye simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua, hilo ni jambo kubwa. Ila ukurasa huo unasomeka tu. Ukibonyeza kitufe cha kubadili tarehe, kimya. Baadaye JavaScript inafika, React inaendesha komponenti zilezile mara ya pili ndani ya kivinjari, na badala ya kujenga kila kitu upya inapita juu ya HTML iliyopo na kuvipa vitufe uhai. Kupita huko ndiko haidresheni. Jina limetoka kwenye maji, na vijana ninaowafundisha nawaambia kwamba HTML inafika kama makopa: chakula kipo, ila kikavu, kinasubiri kulowekwa.

Sharti lake ni moja, na ni zito. Zao la kwanza la komponenti kwenye kivinjari lazima lilingane na lile lililotoka seva, herufi kwa herufi. React haiko pale kusahihisha HTML. Inaichukua ikiamini kwamba yenyewe ingetoa kitu hichohicho.

Sisi tulikuwa tumeandika `new Date()`, amri ya kuuliza saa ya mashine, ndani ya komponenti. Seva yetu inahesabu saa kwa UTC, saa rejea ya dunia, na simu ya abiria ipo saa tatu mbele. Mchana huwezi kuona tofauti. Lakini kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, seva bado iko jana. Kwa hiyo seva ilituma HTML ya Jumatatu: maandishi ya Jumatatu, na kiungo cha tiketi, kile kitufe alichobonyeza abiria, chenye tarehe ya Jumatatu ndani ya `href`, yaani anwani kinakoelekea. Simu ikakokotoa Jumanne.

Hapa ndipo penye uchungu. React 17 ikikuta maandishi yametofautiana, huyarekebisha. Sifa za elementi (vipande vya HTML), kama `href`, haizigusi. Tena kwenye kumbukumbu yake inajua kiungo ni cha Jumanne, kwa hiyo haioni sababu ya kukibadilisha hata ukurasa ukirendiwa tena mara kumi. Macho ya abiria yakaona Jumanne, kidole kikabonyeza Jumatatu. Onyo lolote? Maonyo hayo hutoka wakati wa uundaji tu; kwenye tovuti iliyo hewani hakuna neno.

React 18, iliyotoka mwaka 2022, ni kali zaidi: maandishi yakitofautiana inahesabu kuwa ni hitilafu, inaitupa HTML ya seva hadi kwenye mpaka wa karibu wa Suspense (komponenti ya React inayotenga sehemu ya ukurasa), na kurenda upya sehemu hiyo kwenye kivinjari. Ni salama zaidi, ingawa kazi ya seva inakuwa imepotea bure. Sifa za elementi peke yake bado hazirekebishwi. Usidhani kupandisha toleo kunamaliza tatizo.

Wapo wanaonyamazisha onyo kwa `suppressHydrationWarning`. Kwa muhuri wa saa usio na madhara, sawa. Kwa tarehe ya safari, hapana.

Dawa tuliyotumia ni kuacha kuuliza saa mara mbili. Seva inakokotoa leo ni lini kwa kutaja ukanda waziwazi, `Africa/Dar_es_Salaam`, kisha inaituma tarehe hiyo pamoja na HTML, kama JSON, data iliyoandikwa kwa maandishi, ndani ya ukurasa. Kivinjari kikianza haidresheni kinasoma tarehe hiyo na hakiangalii saa yake. Kama kuna kitu kinachotegemea simu yenyewe, mfano kilichomo kwenye `localStorage`, hifadhi ya kivinjari, kinasubiri ndani ya `useEffect`, ambayo haiendeshwi kwenye seva wala kabla haidresheni haijapita.

Tulipoifungua hiyo JSON kuiongezea tarehe, tukakuta jambo lililonitia hofu zaidi. Tulikuwa tunatuma safu nzima za hifadhidata, na humo mlikuwa na namba za simu za madereva. Hazikuonekana popote kwenye ukurasa, lakini yeyote anayejua kufungua chanzo cha ukurasa angezisoma. Kila unachokiweka kwenye data za haidresheni umekitangaza. Tukabakiza sehemu tano tu kwa kila safari, na ukurasa ukapungua uzito, maana orodha hiyo husafiri mara mbili, kama HTML na kama JSON, na bando ni la abiria. Ukiiandika JSON hiyo kwa mkono, badilisha kila `<` iwe `\u003c`, la sivyo neno `</script>` likiingia ndani ya jina la kituo linafunga lebo yako na kumwachia mtu mlango. Kumbuka pia kwamba `Date` ikipita kwenye JSON hufika ikiwa mfuatano wa herufi.

Kwa nini hatukuliona kosa hili mapema? Kwa sababu kwenye kompyuta zetu seva na kivinjari vilitumia saa moja, ya Dar es Salaam. Sasa seva ya majaribio naiwasha kwa `TZ=Pacific/Kiritimati`, ukanda ulio saa 14 mbele ya UTC, yaani saa 11 mbele yetu. Kuanzia saa saba mchana ya kwetu, kule tayari ni kesho, na tofauti ambayo zamani ilijificha usiku wa manane inajitokeza mchana kweupe nikiwa mezani.