Chuo kizima kitabu kimoja: chagua kinachogombanisha

Watu wakisikia chuo kizima kinasoma kitabu kimoja wanadhani ni mambo ya idara ya fasihi, yaani mtihani mwingine umeletwa kwa mlango wa nyuma. Hapana bwana. Mi ni mkutubi, programu hii naiendesha chuoni huku Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kinachoibeba ni kitabu chenyewe kuwa cha kugombaniwa. Kitabu kizuri peke yake hakitoshi, tafuta kile ambacho watu wawili wenye akili zao wakikimaliza hawapatani.

Hata walioanzisha walilijua hilo. Seattle kule Marekani, 1998, mkutubi Nancy Pearl na wenzake waliomba mji mzima usome riwaya moja, na hiyo riwaya ilihusu mji mdogo uliopoteza watoto kwenye ajali ya basi la shule, sasa alaumiwe nani? Hakuna jibu la haraka hapo. Chicago wakafuata 2001, na mwaka huohuo chuo cha Cornell kikaanza na wanafunzi wake wapya. Halafu 2002 University of North Carolina wakawapa fresha kitabu kuhusu Qurani, mwaka haujaisha tangu mashambulizi ya Septemba 11, watu wakakimbilia mahakamani kuzuia, mahakama ikakataa, mjadala ukaendelea. Makelele yote yale, nani tena asingetaka kukisoma?

Kwetu tulichukua Song of Lawino ya mshairi wetu wa Uganda Okot p'Bitek, ya 1966. Lawino ni mke anayemlalamikia mumewe Ocol, ambaye amesoma mpaka anamwona mke wake mshamba, sasa anamtaka Clementine wa poda na lipstiki. Ni ushairi ila unasomeka kama mtu anakupigia stori, sehemu 13 tu, kwa hiyo hata asiyezoea kusoma hakimbii. Na kule karibu na mwisho Lawino anaifananisha nyumba ya mumewe na msitu wa giza, msitu wa vitabu, eti uanaume wa vijana umeishia madarasani. Mkutubi mzima nimechagua kitabu kinachotukana vitabu, kuna bosi aliniuliza kama niko sawa.

Lakini ona kilichotokea kwenye kundi moja la kukijadili, tumekaa nje karibu na jikoni, kijana wa uhasibu anasema huyu mama ana wivu tu, mama mmoja wa jikoni akamrukia hapohapo: "Wewe mtoto, huyo Ocol nani alimsomesha? Si watu wa nyumbani haohao anaowaonea aibu?" Kabla kijana hajajibu binti wa kompyuta akaingilia, mama pole lakini Lawino naye anamcheka Clementine kwa wembamba wake, mwanamke kwa mwanamke, hiyo ni haki? Basi ikawa moto, posho ikapoa kwenye sahani. Na wale Waacholi, kabila la Lawino, waliokuwa kimya darasani semesta nzima siku hiyo ndio walikuwa walimu, maana maisha anayoyaeleza Lawino wanayajua kwa bibi zao.

Maksi usiweke. Lekchara akishaingiza tu swali moja kwenye mtihani watoto wanatafuta muhtasari kwenye simu na kazi imekwisha. Viongozi wa makundi nao wasiwe watu wa fasihi, hao watakuelezea tamathali mpaka ulale, mpe nesi wa chuo au mwalimu wa biashara, aje na swali moja ambalo hata yeye linamsumbua.

Song of Ocol, jibu la mume, lilitoka 1970. Usiwape mapema! Ngoja kila mtu achague upande wake ndio ulitoe, utaona waliokuwa kwa Lawino wanaanza kujikuna kichwa.

Kuhusu nakala, hapa wengi ndio wanakwama. Kufotokopi kitabu kizima ni kuvunja sheria, Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya 2006, halafu mkutubi ndiye wa mwisho kufanya hivyo. Sisi tunagawa kwa chumba cha hosteli badala ya kwa mtu, jioni mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza wakipiga pasi, na jina linaloandikwa kwenye rejista ni la chumba, kitabu kikipotea chumba kizima kinalipa. Nunua kabla semesta haijafunguliwa, ukisubiri wiki ya kwanza hela ishaenda kwenye chaki na toner.