Moshi wa jikoni hauishii jikoni

Nyumba nyingi za mijini siku hizi zina jiko zaidi ya moja. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ni wa chai ya asubuhi na mayai. Maharage na makande yanaachiwa mkaa, na kukiwa na shughuli, mafiga yanapangwa uani. Ukimuuliza mama mwenye nyumba anapikia nini, atakujibu gesi, na hajadanganya. Ila mtoto aliye mgongoni anavuta zaidi hewa ya lile jiko linalowaka kwa muda wa saa tatu kwa sufuria moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wengi wakisikia hivyo hufikiria kikohozi na nimonia tu. Moshi wa kuni una chembe ndogo mno, nyingine hupenya mapafu hadi kwenye damu, ndiyo maana kiharusi na maradhi ya moyo yamo kwenye hesabu hiyo. Mkaa nao, kwa kuwa hautoi moshi mwingi, unaaminiwa kupita kiasi. Hewa yake ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha kunaua, na huua familia nzima kwa mkupuo.

Je, tukigawa majiko banifu, yale yanayotumia kuni au mkaa kidogo, yanatosha? Hapo Malawi ilitupa somo ambalo sisi wa afya ya jamii hatukulipenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia zaidi ya watoto 10,000 vijijini, ulilinganisha kaya zilizopewa majiko yenye moshi kidogo na zile zilizoendelea na moto wa kawaida. Ajali za kuungua zilipungua. Nimonia haikupungua. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtoto hakuwa anavuta moshi wa jiko la mama yake peke yake: kulikuwa na taka zinazochomwa, sigara, na jiko la jirani hatua chache tu kutoka mlangoni.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu afya ya aina hii haiwezi kuachiwa kaya mojamoja. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yanahesabu vifo vya hewa chafu chini ya lengo la 3, la afya, na nishati ya kupikia chini ya lengo la 7. Daktari wa watoto na fundi wa umeme wanashughulikia ugonjwa uleule. Tanzania imejiwekea mkakati wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Ningependa hesabu hiyo iangalie sufuria ya maharage, isiishie kwenye mitungi iliyouzwa.

Kwenye maharage ndipo habari njema ilipo. Jiko la umeme la presha huyaivisha kwa chini ya uniti moja ya umeme, kwa sababu joto halipotei na jiko hujizima lenyewe presha ikishafika. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, uniti ni takribani shilingi 350. Linganisha na kopo la mkaa mtaani kwako. Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe, ambayo kwa mtu wa kipato cha siku kwa siku ni mzigo, na umeme unaokatika sufuria ikiwa jikoni. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kubeba hilo la kwanza, kama vinavyofanya kwa vyombo vya shughuli. La pili ni la serikali na shirika la umeme.

Kwa sasa, kama mkaa bado upo, pikia nje au penye upepo wa kupita, watoto wakae mbali, na taka za plastiki zisiwashiwe moto kamwe.