Hindi Lenye Mapengo

Kila Julai simu yangu hujaa picha za namna moja: hindi limemenywa, upande huu lina punje tatu, upande ule gunzi tupu. Chini yake swali, "Daktari, niongeze mbolea gani?" Mimi si daktari, ni mtu wa mimea tu. Na mara nyingi mbolea haihusiki.

Chukua jirani yangu hapa Kahawa West, Nairobi. Msimu uliopita alipanda mahindi ya mbegu ya H511 mstari mmoja kando ya ukuta, mimea 18, tangu langoni hadi kwenye tangi la maji. Alitia samadi, akatia mbolea ya kupandia ya DAP, mahindi yalipofika magotini akatia ya kukuzia, CAN. Mabua yakanenepa, majani yakawa meusi kwa ukijani. Alipomenya, mapengo matupu. Pesa alizomwaga pale zingemtosha kula mahindi choma ya stejini hadi Krismasi.

Mahindi huzaa hivi. Mbelewele, lile shada la kileleni, ndiyo dume. Jike ni hindi changa lililojificha kwenye maganda katikati ya bua, na ndevu zinazochungulia nje ni njia za kuingilia. Kila udevu umeunganishwa na punje moja. Usipopata chavua, yaani ule unga wa mbelewele, punje yake haipo, basi. Hindi zuri lina punje mia nne, mia tano na zaidi, kwa hiyo ndevu zote hizo zinasubiri kila mmoja mgeni wake. Nyuki utawaona wakishughulika juu ya mbelewele, lakini wanajichukulia chakula chao. Kwenye ndevu hawana haja. Kazi ni ya upepo, na chavua ya mahindi ni nzito kiasi, nyingi huanguka mita chache tu kutoka kwenye mmea. Kwa mstari mmoja, upepo ukivuma kutoka ubavuni, chavua yote inaishia barabarani.

Kwa hiyo panda mraba. Mimea ileile 18 ya jirani ingetosha safu nne za mimea minne minne na miwili ya ziada, sentimita 60 kati ya safu na 30 kati ya mimea. Kipande cha kuanikia nguo kinatosha.

Hata hivyo, kwa kishamba kidogo mimi siuachii upepo kila kitu. Mbelewele zikianza kuning'iniza vifuko vya manjano, natoka na bahasha ya kaki kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukishakauka. Nainamisha mbelewele ndani ya bahasha, naitikisa, kisha naunyunyiza ule unga kwenye ndevu za mmea wa pili na wa tatu. Upake papo hapo, maana juani chavua haikawii kufa. Narudia siku tatu au nne, kwa sababu ndevu hazitoki pamoja: za kitakoni hutangulia, za nchani huja mwisho. Ndiyo maana ncha ya hindi huwa na upara kuliko kwingine.

Nina kosa langu pia. Mwaka fulani nilikuwa namwagilia kwa mpira kutoka juu, asubuhi, kwa vile ndipo maji ya mgao yalipofika. Vifuko vya chavua vikilowa havifunguki hadi vikauke. Siku hizi najaza mapipa, namwagilia shinani jioni. Wala usithubutu kuyanyima maji wiki hizo mbili za kuchanua: kiu huchelewesha ndevu, nazo mbelewele hazisubiri, zinamwaga unga wao na kwisha. Waliopanda kwa mvua za Oktoba ndio huumia zaidi, kwa kuwa maua huangukia jua la Desemba na Januari.

Kujua kama imeshika, subiri siku tatu hivi, chuna hindi moja, limenye polepole kisha litikise. Ndevu zilizopata chavua hudondoka; zilizoganda bado zinangoja.

Jirani amepanda mraba msimu huu. Juzi mlinzi wa ploti alimkuta saa nne asubuhi akitikisa bahasha juu ya ndevu, akamwuliza ni dawa gani hiyo anayoyapaka mahindi. Akamjibu kwamba anayaoza.