Majua matatu yaliyopotea: kinachotokea mashimo meusi mawili yanapogongana

Mtu akisikia mashimo meusi mawili yamegongana, picha inayomjia haraka ni ya mlipuko: moto, vumbi, vipande vinavyorushwa kila upande. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Shimo jeusi halina ganda la kupasuka wala kitu cha kumwagika. Ni sehemu ya anga ambayo mvutano wake umezidi mno, kiasi kwamba mwanga ukishavuka mpaka wake haurudi tena. Mawili yakikutana yanakuwa moja kubwa zaidi, na giza linabaki giza. Hata hivyo, kwa kiasi cha nishati inayotoka kwa sekunde moja, hakuna tukio lolote lililowahi kupimwa linaloufikia mgongano huu.

Nitaeleza kwa kushika tukio moja ambalo vipimo vyake vinajulikana vizuri, GW150914. GW ni kifupi cha Kiingereza cha mawimbi ya mvutano, na tarakimu ni tarehe tu, 14 Septemba 2015. Siku hiyo, saa 6 na dakika 50 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, mitambo miwili ya LIGO, inayopima mawimbi ya mvutano nchini Marekani, mmoja Livingston katika jimbo la Louisiana na mwingine Hanford katika jimbo la Washington, ilipitiwa na wimbi lililokuwa safarini kwa takriban miaka bilioni 1.3. Mashimo yaliyolitoa yalikuwa na masi ya Majua 36 na Majua 29. Shimo lililozaliwa lilikuwa na Majua 62. Jumlisha mwenyewe: 36 na 29 ni 65. Majua matatu hayaonekani kwenye hesabu, na ukijua yalikokwenda umeuelewa mgongano wenyewe.

Tuanze na namna yanavyokaribiana. Kwa hesabu za Newton, vitu viwili vinavyozungukana angani vinaweza kuzungukana milele. Kwa nadharia ya Einstein haiwezekani. Masi zinazozungukana hutikisa anga na wakati vyenyewe, na mtikisiko huo unasambaa kama mawimbi ya mvutano yanayoondoka na nishati. Obiti ikipoteza nishati inasinyaa, na ikisinyaa mwendo unaongezeka, kwa hiyo mawimbi yanakuwa makali zaidi na nishati inapotea haraka zaidi.

Kanuni ya muda uliobaki ni kali sana: ukipunguza umbali kwa nusu, muda unapungua mara 16. Ukipunguza mara kumi, muda unapungua mara elfu kumi. Chukua mashimo yetu ya Majua 36 na 29 katika obiti ya duara. Yakiwa mbali kama Dunia na Jua, yaani kilomita milioni 150, yangehitaji miaka zaidi ya trilioni 4 kugongana, ilhali ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8 tu. Yakiwa kilomita 100,000 yamebakiza miezi kama kumi na moja. Kilomita 10,000, dakika 50 hivi. Kilomita 1,000, sekunde 0.3.

Hapo pana swali linalonivutia kuliko mengine yote katika uwanja huu: yalifikaje karibu namna hiyo? Nyota kubwa zinazozaa mashimo meusi huvimba zinapozeeka, na uvimbe huo unaweza kuzidi obiti nzima ambayo mashimo yalipaswa kuanzia. Njia ya kwanza ni nyota pacha: mmoja akivimba anammeza mwenzake kwenye gesi yake, na msuguano wa gesi unavuta kiini chake na mwenzake vikaribiane kabla gesi haijatawanyika. Njia ya pili ni kwenye makundi ya nyota zilizosongamana, ambako shimo la tatu likipita karibu linaondoka na sehemu ya nishati ya yale mawili na kuyaacha yamebanana zaidi.

Ukubwa wa mashimo haya nao ulishangaza. Kabla ya 2015, mashimo meusi yaliyotokana na nyota yalijulikana zaidi kwa miali ya eksirei, inayotoka kwenye gesi iliyonyonywa kutoka nyota jirani na kupata joto kali. Cygnus X-1, ambalo ndilo maarufu kuliko yote, lilichunguzwa na setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mengi ya mashimo ya aina hiyo yalikuwa chini ya Majua 20. Ili nyota iache shimo la Majua 30 na zaidi inabidi iwe imezaliwa na elementi nzito chache, kwa sababu elementi hizo huupa nguvu upepo wa nyota, na upepo huo huipunguza nyota masi kabla haijafa.

Sasa sekunde 0.2 za mwisho, zile ambazo LIGO ilizinasa. Kila mzunguko mmoja hutoa mawimbi mawili, kwa hiyo wimbi la hezi 35, yaani mitikisiko 35 kwa sekunde, lilimaanisha mizunguko kama 17 kwa sekunde. Katika mawimbi manane hivi, ishara ilipanda kutoka hezi 35 hadi 150. Fikiria hilo kwa utulivu: vitu viwili, kila kimoja kizito kuliko Jua mara kadhaa wa kadhaa, vinazungukana mara 75 kwa sekunde, vitovu vyake vikiwa umbali wa kilomita 350 tu. Nusu kipenyo cha shimo la kwanza ni kilomita 106 hivi, cha pili 86. Kasi yake ilitoka theluthi moja ya kasi ya mwanga ikafika karibu asilimia 60.

Kisha mipaka inaungana. Kwa muda mfupi sana shimo jipya lina umbo la ganda la karanga lenye punje mbili, na umbo hilo haliruhusiwi kudumu. Shimo jeusi lililotulia hutambulika kwa masi na kasi ya kujizungusha (na chaji ya umeme, ambayo angani huwa karibu na sifuri), basi. Kila kinundu na kila bonde lazima vitoke, na vinatoka kama mawimbi ya takriban hezi 250 yanayofifia ndani ya milisekunde chache. Kinachobaki ni shimo laini linalojizungusha kwa asilimia 67 ya kiwango cha juu kinachowezekana.

Sehemu hii ya kati, pale mipaka inapoungana, haipatikani kwa kalamu na karatasi. Inahitaji kompyuta kubwa, na kwa miaka mingi kompyuta zilishindwa. Ndani ya shimo kuna mahali ambapo hesabu zinatoa namba isiyo na kikomo, na gridi ya kupimia inavutwa humo mpaka programu inaanguka kabla mashimo hayajamaliza hata mzunguko mmoja. Mwaka 2005 mwanafizikia Frans Pretorius ndiye wa kwanza kuifikisha hesabu hiyo mwisho wake. Sehemu ya ndani ya mashimo aliikata na kuiacha nje ya hesabu. Inaruhusiwa, kwa sababu kilichomo ndani ya mpaka hakiwezi kuathiri kilicho nje.

Turudi kwa Majua matatu. Hakuna hata chembe iliyochomoka ndani ya shimo. Masi tunayoipima kwa mbali inajumlisha nishati yote ya mfumo, ikiwemo ile iliyomo kwenye mvutano na mwendo wa mashimo mawili. Yanapoporomokeana, jumla hiyo inashuka, na tofauti inaondoka na mawimbi. Kiini cha heliamu nacho ni chepesi kuliko viini vinne vya haidrojeni vilivyokiunda, kwa asilimia 0.7 hivi, na nakisi hiyo ndiyo inayoliwasha Jua. Kwenye mgongano wetu nakisi ni karibu asilimia 5. Jua katika uhai wake wote wa miaka bilioni 10 hivi halitageuza kuwa nishati hata sehemu moja ya elfu ya masi yake. Hapa Majua matatu mazima yaliisha, sehemu kubwa kabisa katika sehemu ndogo ya sekunde. Kilele chake kilifika wati 3.6 × 10⁴⁹, zaidi ya mwanga wa nyota zote za ulimwengu unaoonekana zikijumlishwa.

Wengi huuliza: kama masi imepungua, je, shimo nalo limepungua? Hapana. Mwaka 1971 mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha kwamba jumla ya maeneo ya mipaka haiwezi kushuka katika mgongano. Uthibitisho mzuri kuliko yote umetoka kwenye GW250114, tukio la 14 Januari 2025 lililofanana sana na lile la 2015 lakini likanaswa kwa uwazi mkubwa zaidi, kwa kuwa mitambo ilikuwa imeboreshwa. Kabla ya mgongano, mipaka miwili ilikuwa na jumla ya kilomita za mraba 240,000 hivi, takriban eneo la Uganda. Baada yake, 400,000. Eneo la shimo hukua kwa mraba wa masi, kwa hiyo kuunganisha mawili kuna faida kubwa ya eneo hata baada ya kulipa gharama ya mawimbi.

Je, mtu aliye karibu angeungua? Nilipenda sana kuipiga hesabu hii. Tuseme uko umbali wa Dunia na Jua kutoka mgongano wa GW150914. Kilele kinapopita, urefu wako ungebadilika kwa takriban moja ya elfu kumi ya milimita. Kiasi cha nishati kinachopita mwilini mwako hakielezeki, lakini karibu yote inapita moja kwa moja, kwa sababu mawimbi ya mvutano hayanaswi na maada kwa urahisi. Sifa hiyo ndiyo inayoyaleta hadi kwetu bila kuzuiwa na vumbi wala galaksi njiani, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya kuyapima kuwe kazi ngumu.

Wimbi lilipofika hapa lilibadilisha urefu kwa sehemu 1 ya 10²¹. Mtambo wa LIGO una mikono miwili ya kilomita 4 kila mmoja, imepangwa kwa umbo la herufi L. Mwali wa leza unagawanywa, kila nusu inaingia mkono wake na kwenda na kurudi kati ya vioo mara kama 300, kisha nusu mbili zinakutanishwa. Mkono mmoja ukirefuka na mwingine kufupika, miali haifutani tena sawasawa. Kwa kilomita 4, badiliko hilo ni mita 4 × 10⁻¹⁸, takriban moja ya mia nne ya kipenyo cha protoni. Vioo vina kilo 40 kila kimoja na vinaning'inia kwa nyuzi za silika zenye unene wa milimita 0.4, ndani ya mabomba yaliyotolewa hewa.

Kinachoharibu vipimo ni vingi. Chini ya hezi 10 hivi ardhi yenyewe ndiyo kelele: matetemeko ya mbali, mawimbi ya bahari yanayopiga pwani, malori barabarani. Kwenye masafa ya juu, shida ni mwanga wenyewe, kwa sababu fotoni, yaani chembe za mwanga, hazifiki kwa mpangilio sawa. Mbaya zaidi ni vishindo vifupi vinavyozuka ndani ya mtambo na kufanana na ishara ya mashimo mazito. Ndiyo maana mtambo mmoja hautoshi. Kati ya Livingston na Hanford kuna kilomita 3,000, ambazo mwanga huzivuka kwa milisekunde 10, kwa hiyo ishara ya kweli haiwezi kutofautiana zaidi ya hapo. GW150914 ilifika Livingston kwanza, na Hanford milisekunde 7 baadaye. Kujua uwezekano wa kudanganywa, data za mtambo mmoja husogezwa mbele au nyuma kwa zaidi ya milisekunde 10, halafu zinahesabiwa ishara zinazolingana kwa bahati tu. Kwa nguvu ile, bahati isingezaa tukio kama hilo zaidi ya mara moja kwa miaka 203,000.

Ukitazama mchoro wa ishara, kasi ya kupanda kwa masafa inakupa masi, na ukubwa wa wimbi unakupa umbali. Umbali ndio unaosumbua. Obiti iliyotuelekea uso kwa uso hutuma wimbi kubwa kuliko iliyolala ubavu, na hizo mbili ni vigumu kuzitofautisha. Kwa hiyo ile miaka ya nuru bilioni 1.3 inaweza kuzidi au kupungua kwa zaidi ya theluthi. Mwanga usingesaidia hapa. Mashimo mawili yakiwa hayana gesi pembeni hayana cha kuwaka, tofauti na nyota mbili za nyutroni zilizogongana tarehe 17 Agosti 2017, ambazo darubini nyingi ziliziona.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naona halipewi uzito wake. Mashimo yakiwa hayalingani kwa masi, au yakijizungusha kwa mielekeo tofauti, mawimbi hayatoki sawa kila upande. Shimo jipya linasukumwa kinyume, kwa kasi inayoweza kufika mamia ya kilomita kwa sekunde, na katika hali chache maelfu. Kundi la kawaida la nyota zilizosongamana haliwezi kushikilia kitu kinachokimbia hata kilomita 100 kwa sekunde. Shimo linatupwa nje, na halitagongana tena.

Sasa tazama GW231123, tukio la 23 Novemba 2023: mashimo ya Majua takriban 100 na 140, yaliyozaa moja la Majua 225 hivi. Nyota haitarajiwi kuacha shimo kati ya Majua 60 na 130 hivi, kwa sababu nyota yenye kiini kizito namna hiyo hulipuka yote na kuacha pakavu. Maelezo yenye nguvu ni kwamba angalau moja ya yale mawili lilikuwa lenyewe tunda la mgongano wa zamani, na yote mawili yalikuwa yakijizungusha kwa kasi kubwa, kama tunda la mgongano linavyotarajiwa. Ikiwa ni hivyo, lilipozaliwa lilibaki mahali palipoweza kulishikilia, na mahali pa namna hiyo hasa ni vitovu vya galaksi, ambako kutoroka kunahitaji mamia ya kilomita kwa sekunde.