Uvimbe wa kope usiopona: maswali kuhusu amiloidosisi ya jicho

Mama ana uvimbe wa manjano kwenye kope ya chini, mwaka wa pili sasa. Dawa za matone hazijasaidia. Ni chokea?

Chokea huuma, huiva na kupona. Uvimbe wa miaka miwili usiouma ni kitu kingine. Mwulize pia kama akikohoa sana au kufikicha jicho, damu huvilia kwenye kope. Ikiwa ndivyo, amiloidosisi ishukiwe: protini zimekunjika vibaya, zikagandamana kuwa nyuzi na kujilundika kwenye nyama, hata katika kuta za mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana huvuja upesi. Zikijaa kwenye tundu la jicho, jicho husukumwa mbele au mtu huona vitu viwiliviwili.

Inathibitishwaje?

Kwa kukata kinyama na kukipima. Picha ya CT au MRI huonyesha uvimbe ulipofika, lakini haitoshi kuutenganisha na limfoma (saratani ya seli za limfu). Maabara hukipaka kinyama rangi ya Kongo nyekundu (jina tu, rangi yenyewe ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1880). Chini ya hadubini ya mwanga wa polaraizi, amiloidi, yaani zile nyuzi za protini, hung'aa kijani cha tufaha. Mwombe daktari aiandike rangi ya Kongo nyekundu kwenye fomu, kwa sababu isipoombwa huenda isipakwe, na jibu likapotea hivihivi. Kisha aina ya protini itafutwe, maana tiba hufuata aina.

Wamesema ni amiloidi. Tumemaliza?

Bado. Ikiwa kwenye utando wa jicho, mara nyingi huishia hapo. Ikiwa kwenye ngozi ya kope, mwili mzima uchunguzwe: protini kwenye damu na mkojo, figo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi ya moyo, pengine na uboho. Moyo usiahirishwe, kwani ukishaguswa ndipo maisha huwa hatarini.

Atatibiwaje?

Hakuna tone la kuyeyusha amiloidi. Isiyosumbua huangaliwa tu. Ikifunika jicho, daktari hupunguza uvimbe au kuinua kope. Kuondoa yote ni vigumu, na huweza kurudi. Aambiwe mapema kuhusu damu kuvilia. Ugonjwa ukiwa wa mwili mzima, mtaalamu wa damu ndiye huongoza, na aina ya AL (itokanayo na vipande vya protini za kingamwili) hutibiwa kwa dawa kama botezomibu.

Nyumbani, mpige mama picha kwa simu kila baada ya miezi mitatu, dirisha lilelile, saa ileile, mwende nazo kliniki.